Niliitikia kwa Kichwa

Mkalimani alikuwa mtu wa mzaha. Daktari, mgeni aliyetoka mbali, alisema maneno marefu kwa lugha yao huku akininyooshea kidole mdomoni, na mkalimani akanigeukia akasema, "Anasema mdomo ufunge. Husemi, hutafuni, hucheki. Ni saumu hiyo, ila haina futari." Nilitaka kumjibu, maana mimi jibu halinikai kooni, lakini nusu ya uso wangu ilikuwa imeshonwa na nusu nyingine imekufa ganzi. Nikamtumbulia macho tu. Akacheka peke yake akaenda kitanda cha pili.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, wakati watu mjini wanaamkia foleni ya sukari. Mimi ni zeruzeru, na neno hilo nalitaja mapema mwenyewe ili asije mtu akalinong'ona pembeni. Nimezaliwa Uroa, pwani ambako kivuli ni cha kutafuta, na utoto wangu wote nilishinda kwenye maji kupwa, kichwa wazi, nikichokoa pweza pamoja na wenzangu. Wao jua liliwapaka mafuta, mimi liliniunguza. Mama yangu hakujua la kufanya zaidi ya kunivisha shati lenye mikono. Chuoni, Kurani niliihifadhi kwa masikio. Shuleni ubao sikuuona, mwalimu akachoka na mimi, na kuandika sikujifunza mpaka leo. Nilipokuwa mtu mzima nikahamia mjini nikawa fundi wa magodoro ya sufi, kazi ya ndani, ya vidole, isiyotaka macho makali.

Lakini jua lilikuwa lishafanya lake. Kidonda kilianza kama kigaga pembeni mwa pua. Nikikibandua, kinarudi. Nikapaka mafuta ya nazi, nikapaka na kila alichoniletea mtu, kikateremka taratibu mpaka juu ya mdomo, kikaanza kuacha damu kwenye mto. Hospitali wakasema ni kansa ya ngozi, ikatwe kabla haijalifikia jicho. Wakakata kuanzia ubavu wa pua hadi kipande cha mdomo wa juu, wakachuna ngozi pajani, wakaipachika shavuni. Juu yake wakashonea bunda la pamba na chachi, nyuzi zimepita juu na kukazwa, kama nnavyokaza mimi godoro lisitembee sufi.

Watu wakisikia umekatwa uso wanadhani ni uso unaouma. Wallahi paja lilinitesa zaidi. Pale walipochuna paliwaka kama pamemwagiwa uji wa moto, na shuka likigusa nilikuwa nakunja vidole vya miguu. Uso wenyewe maumivu yake yalikuwa ya namna nyingine, mazito, ya kuvuta, yaliyonisubiri kila nikimeza mate. Na mtu humeza mate mara ngapi kwa siku! Hujui mpaka kila funda liwe na adhabu yake.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili ghorofani, Sokomuhogo, juu ya baraza ambayo jioni nilikuwa nakaa na wenzangu kunywa kahawa. Daktari alikuwa amesema nisipigwe na jua. Dada yangu mkubwa, aliyekuja kusaidia, akafunga madirisha yote, hata lile la upande ambao jua halijapata kufika tangu nyumba ijengwe. Akakataza na udi na asumini, kwa kuwa anaamini kidonda kikinusa manukato kinaharibika. Basi nikawekwa gizani, mgongo kwenye mito kwa sababu ubavuni siruhusiwi, joto limejaa chumba, nikimsikiliza kila mtu na kumjibu hakuna.

Mke wangu ndiye aliyetunga utaratibu. Kutikisa kichwa huku na huku kulivuta nyuzi, mara ya kwanza nilipojaribu machozi yalinitoka. Akasema, "Sikiliza bwana. Ndiyo, unainamisha kichwa kidogo. Hapana, unainua mkono. Usinifanyie mengine, mimi si mpiga ramli." Baada ya muda mfupi nyumba nzima ilijua, na majirani wakajua, hata mzee wa chumba cha chini aliyekuwa anapanda kunitazama alikuwa akiuliza, "Umelala vyema?" akisubiri kichwa changu. Uji mwembamba niliunyonya kwa bua la mpapai, lililokatwa na kusafishwa, upande wa mdomo uliobaki mzima. Mke wangu alikuwa ananishikia bakuli, na huku ananichokoza.

"Leo nakwambia yote," anasema. "Ile kanga ya Idi ilikuwa mbaya. Rangi ya tope. Nimeivaa kwa heshima tu." Nainua mkono. "Hapana nini? Mbaya. Na kukoroma unakoroma, ulikuwa ukikataa." Nilikuwa sitakiwi kucheka, na yeye anajua, akiona jicho langu linaanza kubana anasema haya basi, astaghfirullah, tunyamaze. Alikuwa na mume mwenye ulimi mkali, na sasa kapewa likizo, akaitumia vizuri. Nikiri kwamba siku zile za mwanzo, maumivu na yote, nilikuwa namsubiri apande ngazi.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa. Mke huyu nilikuwa nimeshamwacha mara mbili. Mara ya kwanza tuligombana kwa samaki aliyeungua, ya pili sababu siikumbuki hata nikikaa kitako nikaitafuta. Hasira hunipanda kabla ya akili, na neno la talaka ni jepesi, halina mfupa wa kukukwama. Mara zote mbili nilimrejea kabla eda haijaisha, kwa kusema tu nimekurejea, naye akarudi akasukuma kikapu chake uvunguni kama mtu aliyetoka sokoni. Lakini talaka zina mwisho wake. Ikitoka ya tatu, hakuna tena kurejea, mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine kikweli na mume huyo naye waachane. Kwa hiyo tulikuwa tumebakiwa na moja. Tulikuwa tunaizunguka hiyo moja kwa uangalifu, kama watu wanaoishi na kisima kisicho na mfuniko.

Kaka yake, mkulima wa Makunduchi, hakunipenda, na alikuwa na haki. Mara mbili alikuwa amempokea dada yake mlangoni na kikapu.

Mambo yakaharibika baada ya wiki hivi. Ukingo wa chini wa lile bunda ukaanza kulowa, kisha kunuka. Homa ikanishika. Nzi, ambao sijui walikuwa wanapitia wapi na madirisha yote yamefungwa, walinijua mimi kuliko ndugu zangu. Dada akasema nilikwambieni, kuna mtu kapita hapa na asumini.  Mke wangu aliweka maji ya uvuguvugu, akayatia dawa ya zambarau, akaondoa chachi ya pembeni kidogo kidogo, akasafisha usaha kwa pamba, uso wake karibu na wangu kabisa. Macho yangu hayaoni mbali lakini karibu yanaona. Nilimwona amekaza mdomo na kuzuia pumzi. Alimaliza, akafunga, akatoka taratibu akarudishia mlango, kisha nikamsikia ukumbini anatapika ndani ya ndoo.

Nilijichukia. Sitafuti neno zuri zaidi. Nililala pale na uvundo wangu mwenyewe puani, nikijiambia huyu mwanamke bado kijana, ana mikono, ana meno yake yote, kafanya nini kwa Mungu mpaka apewe ndoo ile? Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa na hasira ndani yake. Nikaona nimuondoe kwangu. Nikaona hilo ndilo la mwisho nnaloweza kumfanyia nikiwa bado mwanamume.

Alasiri ile ile kaka yake akaja kumtazama mgonjwa, kabeba muhogo na mkungu wa ndizi. Dada yangu akamkaribisha, na mzee wa chini akapanda naye. Mke wangu alikuwa juu darini, kwenye sakafu ya wazi juu ya nyumba, anafua vitambaa vyangu. Shemegi akakaa kwenye kiti, akavuta pumzi, akaivuta tena akakunja pua bila ya kutaka. Akasema pole.  Halafu akasema:

"Shemegi, mimi si mtu wa kuzunguka. Ugonjwa huu naona ni mrefu, na mimi dada yangu namjua, hatakwambia nimechoka. Mara mbili umemwacha kwa hasira. Safari hii nakuuliza kwa utulivu, mbele ya hawa. Unampa talaka yake, niende naye kwetu?"

Mzee wa chini akasema, "Ah, yakhe, si wakati huu." Dada yangu akasema, "Muache, mgonjwa huyo." Lakini shemegi alikuwa ananitazama mimi tu, anasubiri. Nilisikia kila neno. Homa nilikuwa nayo, lakini akili ilikuwa wazi kama maji ya mtungini. Nikamtazama, nikainamisha kichwa.

"Umempa?"

Nikainamisha tena.

Mke wangu akateremka kutoka darini na bakuli la maji mapya. Alipoingia hakuna aliyemtazama usoni. Dada yangu akamwambia, "Liweke hapo bakuli, wifi. Usimguse."

Kwa sababu ile akaitwa maalim wa mtaa, aliyekuwa anasomesha watoto uchochoro wa pili, mtu mdogo kwa umri kuliko mimi, ana mafua ya kudumu na kofia safi siku zote. Hakufurahia kuitwa. Akauliza kama nina kawaida ya kuitikia kwa kichwa. Wote wakashuhudia kwamba ndiyo, ndivyo tunavyozungumza humu ndani, na mzee wa chini, maskini, akasema hata yeye nilimjibu hivyo asubuhi. Maalim akapangusa pua. Akasema bubu ishara yake ikifahamika ni kama neno lake. Mtu mwenye ulimi, ishara si neno. "Sasa huyu ulimi anao, lakini kuutumia hawezi, na ishara yake mnaifahamu. Hapo pana maneno. Mimi sitamvunjia mtu nyumba kwa kichwa, na sitamhalalishia mtu haramu kwa huruma. Tungoje afunguliwe mdomo. Nitamuuliza kama alijua anachoulizwa na kama alikikusudia. Mpaka siku hiyo wakae mbalimbali."

Mke wangu akahamishiwa chumba cha pili. Baina yetu hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kitambaa cha maua. Shemegi akafikia kwa jamaa zake Mwanakwerekwe, akawa anakuja kila siku kuuliza hali, kwa adabu, anakaa ukumbini na kofia mapajani.

Homa ilishuka. Kila asubuhi mapema, kabla jua halijachomoza, dada alinipeleka hospitali nikachomwa sindano, na lile eneo lililooza wakalisafisha mpaka likaanza kuwa jekundu la afya. Ilipotoka homa, ile huruma yangu kubwa ilitoka nayo. Nikaamka asubuhi moja sina usaha, nina njaa, na nnamtaka mke wangu. Nilimsikia nyuma ya pazia anachambua mchele, anapepeta. Nimefanya nini mimi? Nimefanya nini?

Nikaanza kuinua mkono. Hapana. Dada akinijia na uji, nainua mkono naonyesha pazia. "Hutaki uji? Pazia lina nini, linakuletea upepo?" Analivuta likaziba zaidi. Shemegi akija kuniamkia nainua mkono juu kabisa, nausukuma hewani, hapana, hapana. Anasema na mimi nimekuona shemegi, anarudisha salamu. Nikalipiga kitanda. Wakaleta kopo la kukojolea. Akaitwa maalim, akaukuta mkono wangu juu kama mtu anayesimamisha gari, akasema, "Na huu mkono tukiusoma, kesho tutasoma mguu. Msimuulize kitu tena kwa ishara, isipokuwa chakula na haja zake." Basi nikafungwa mara ya pili. Ile lugha ndogo niliyokuwa nayo, kichwa na mkono, wakaninyang'anya.

Dada yangu ana moyo mzuri na mikono ya mpika chapati. Chachi alikuwa anaivuta kavu kavu. Siku ya kwanza nilitoa sauti ya puani ambayo sikujua ninayo. Sauti ya mke wangu ikatoka nyuma ya pazia: "Itie maji kwanza, wifi. Ingoje ilainike. Ukiivuta hivyo utainyofoa na ngozi." Dada akaitia maji. "Anzia upande wa sikio," ikasema sauti. "Upande wa pua uache mwisho." Ikawa ndiyo desturi. Dada anafungua, na yule aliye nyuma ya pazia anamwongoza, pole pole, hapo hapo, basi, sasa pajani, paja usilifunike mpaka likauke. Hajawahi kukosea, na alikuwa haoni kitu. Nilikuwa nafumba macho nikimsikiliza.

Jioni, chini, baraza ilikuwa inaendelea bila mimi. Dirisha limefungwa lakini mbao zake zina mianya, na wale jamaa hawajui kunong'ona. Kwanza walizungumzia kidonda changu, baadaye wakahamia kichwa changu. Mtaa mzima ulikuwa na kauli juu ya kichwa changu. Mmoja anasema talaka imepita, mwingine anasema haipiti, wa tatu anasema kuna jamaa mmoja alimwacha mkewe usingizini akaambiwa haikupita. Kisha, nikaona, wakabadilisha mtindo. Wakaanza kusema kwa sauti ya juu, nyuso zao wamezielekeza juu kwenye dirisha.

"Mimi ningekuwa yeye," anasema mmoja, "nasema homa. Mtu wa homa hana hukumu."

"Homa na sindano pia," anasema mwingine. "Alikuwa hajijui yule. Kichwa kilianguka chenyewe."

"Hakujua anaulizwa nini. Basi, kwisha. Nani atambishia?"

Walikuwa wananipa jibu, bila ya kunitazama, kama watu wanaorusha kamba kwa mtu aliye shimoni. Hata mke wangu alinirushia. Siku moja, dada akinifunga, nikamsikia: "Wifi, hivi mtu mwenye homa kali anaweza kujua anachoulizwa?"

"Ataulizwa mwenyewe," dada akasema.

"Mimi nasema tu. Marehemu babu alipokuwa na homa alikuwa anamwamkia mbuzi."

Nikalichukua lile jibu. Nililifanyia mazoezi kwa ulimi ndani ya mdomo uliofungwa, tena na tena, mchana kutwa. Sikujua. Sikujua. Ni neno dogo, na mke wangu alikuwa ng'ambo yake. Ningelisema, angevuta pazia, angeleta maji ya uvuguvugu, tungeendelea kugombania kanga ya rangi ya tope mpaka tuzeeke. Watu wote waliotaka niliseme walikuwa watu wema.

Ila kila nilivyolizoea ndivyo lilivyonichoma. Nieleze, maana wengi wamenilaumu na hawakunipa nafasi. Tangu mdogo watu huniulizia mimi mbele yangu. "Anaona huyu? Anaelewa?" Wanamwuliza mama, na mimi nimesimama pale. Dukani mwenye duka alikuwa anamwambia mke wangu bei ya kitambaa ninachonunua mimi. Siku ya kuposa, mjomba wa mke wangu alimvuta pembeni rafiki yangu kumwuliza kama akili zangu ni timamu, na alinong'ona vibaya, nikasikia. Nimeishi maisha yangu yote nikiwaonyesha watu kwamba humu ndani mna mtu. Labda na ulimi wangu ulinolewa hapo. Sasa mlango wa kutokea ni mmoja tu, na unataka nipite nikisema kwamba siku ile, humu ndani, hamkuwa na mtu.

Nikajiambia upuuzi. Piga magoti, pita. Ni neno moja.

Siku ya kufunguliwa, daktari alikata nyuzi moja moja, akaondoa lile bunda kwa koleo dogo, akatabasamu. Ngozi ilikuwa imeshika. Mkalimani akanipa kioo. Nikakisogeza karibu kama nifanyavyo na kila kitu. Shavu lilikuwa na kiraka cheupe kuliko mimi mwenyewe, kimebonyea, na mdomo wa juu umevutwa kidogo upande mmoja, jino moja linachungulia. Si uso mbaya sana. Ni uso wa mtu anayetaka kubisha. "Sema kitu," mkalimani akasema. Nikasema asante, ikatoka na upepo mwingi, lakini ikatoka. Nilirudi nyumbani nimejitanda kanga ya dada kichwani kukwepa jua, nikilitafuna lile neno langu njia nzima.

Walikuwa wameshakaa. Maalim kwenye kiti, shemegi, mzee wa chini, dada yangu amesimama mlangoni. Pazia lilikuwa limefungwa, na chini yake niliona miguu ya mke wangu, imetulia. Chini barazani, saa ambayo kwa kawaida wanabishana, palikuwa kimya.

Maalim akasoma alichosoma, akapangusa pua. "Siku ile ulipoitikia kwa kichwa," akasema, "ulikuwa unajua unaulizwa nini?"

Kabla sijafungua mdomo, shemegi akasema. Na alisema kwa wema, hilo namshuhudia. Alikuwa amekaa mjini siku zote zile akimsikiliza dada yake nyuma ya pazia akiwaelekeza wengine namna ya kunifunga kidonda, na moyo ulikuwa umemlegea. Akasema, "Maalim, tusimtese. Mimi niliyemuuliza naona nilikosea. Yule siku ile hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa kama mtoto mchanga, hajui hili wala lile. Unamwona tu macho yanazunguka. Andikeni hakujua, mimi nende zangu shamba."

Wote wakageuka kwa maalim. Hata mmoja hakunitazama mimi. Walikuwa wananimalizia, vizuri kabisa, kwa huruma, juu ya kichwa changu, kama mwenye duka na kitambaa chake.

"Nilijua," nikasema.

Sauti ilitoka na upepo. Maalim akasema, "Unasema?"

"Nilijua nnaulizwa nini. Niliyasikia maneno yote. Akili zangu ninazo na siku ile nilikuwa nazo."

"Na ulikusudia?"

Nyuma ya pazia mke wangu akakohoa. Kile hakikuwa kikohozi cha mafua. Nilikisikia na nilikifahamu, na kingenitosha kama ningekuwa mtu mwingine.

"Siku ile nilikusudia," nikasema. "Leo sitaki. Leo nataka abaki. Nataka abaki, maalim."

 "La leo hakuna aliyeliuliza," maalim akasema. Kisha akasema kwamba yeye hana budi, imepita, na ni ya tatu. Dada yangu akaanza kulia. Shemegi alisimama, akakaa tena, akanitazama kama mtu aliyeniazima kitu nikakivunja mbele yake.

Pazia likafunguka. Alikuwa amevaa buibui tayari, uso wazi, kikapu mkononi. Sijui alikifunga saa ngapi. Alikuwa hajaniona usoni tangu siku ya bakuli, na sasa akaniangalia lile shavu kwa muda, kwa makini, ukingo wa pua, ukingo wa mdomo, kama anayekagua kazi.

"Imeshika vizuri," akasema. "Jua usipigwe."

Nikasema jina lake. Dada yangu akaniashiria ninyamaze, kwa kuwa si mke wangu tena.

"Siku ile nilitapika, kweli," akasema. "Harufu ilinishinda. Nikanawa uso, nikateka maji mengine, nikarudi. Nilikuta mshamaliza." Akahamisha kikapu mkono wa pili. "Kaka kakuuliza wewe. Maalim kakuuliza wewe. Baraza nzima ilikuwa inakuuliza wewe. Mimi pia nilikuwamo humu ndani. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Kaka yake akampokea kikapu, wakateremka ngazi.